Baba mkwe kanikataa, kisa naosha mbwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Makorora hapa hapa Tanga mjini. Safu yako naisoma kwenye simu ya dada yangu, huwa tunacheka sana na matatizo ya watu, sasa leo zamu imefika kwangu na wala sicheki.

Shangazi mie nafanya kazi kwenye kituo cha kuokoa wanyama, kipo nje ya mji njia ya Pongwe, kituo kidogo tu wala hakina bango. Niliingia pale kama kibarua wa ujenzi, nachanganya zege, napiga lipu mabanda, ujenzi ulipoisha yule mama mwenye kituo akaniuliza kama nataka kubaki niwe mhudumu, nikasema sawa kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo, nikajua nitakaa kidogo nitaondoka. Ila kazi imeniingia. Asubuhi nafagia mabanda, namwaga dawa, nakosha sakafu, napika sufuria kubwa la dona na dagaa na utumbo, wagonjwa nawapa dawa vile daktari wa mifugo alivyoandika, wenye ukurutu nawaogesha, walioletwa karibuni wanakaa banda la peke yao mpaka ijulikane hawana maradhi ya kuambukiza wenzao. Siku daktari akija kuhasi mimi ndo nawashika na ndo nakesha nao wakizinduka. Mchana wanakuja watu wanaotaka kuchukua mnyama wa kufuga, nawatembeza, wanajaza fomu, wanaulizwa nyumba ina uzio, nani atabaki na mnyama ukisafiri, ushawahi kufuga na yule wa mwanzo alifia wapi, wengine wanakasirika wanasema mbwa koko wa bure halafu nahojiwa hivi. Paka wanaondoka bila shida hasa wadogo. Mbwa ndo mtihani, anayekuja anataka mbwa mkali wa kulinda, akimuona anatikisa mkia anasema huyu mpole, hafai.

Sasa Shangazi, nina mchumba, binti wa Ngamiani kule barabara za juu, tumependana kitambo na nikapeleka posa kwa heshima zote, mshenga akaenda, barua ikapokelewa, kishika uchumba kikapokelewa, tukabaki kupangiwa mahari. Mshenga aliwaambia kijana wetu yuko kwenye mambo ya mifugo. Ikawa sawa.

Mwaka jana tarehe 28 Septemba, ile siku ya kichaa cha mbwa duniani, kituo kilitoka na watu wa mifugo kwenda mtaani kuchanja mbwa na paka bure, mimi nikiwa mshikaji. Kuna jibwa moja lilikuwa linaogopa sindano nikalikumbatia likanilamba uso mzima, mtu akapiga picha. Picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Tanga watu wakicheka, ikafika kwa baba mkwe. Akamwita mshenga usiku ule ule, akamwambia mlisema mifugo nikajua kijana anafanya na ng'ombe wa maziwa, Tanga hii nani akisikia mifugo atafikiria mbwa, binti yangu simpi mtu anayelambwa na mbwa, huyo udhu wake uko wapi na sala zake ziko wapi.

Sasa kaweka sharti, niache kazi kabla ya mwezi wa Ramadhani, kaka yake mkubwa ananipa kazi ya kuuza kwenye duka lao la nafaka, hapo ndo posa itaendelea. Mchumba wangu ananipenda ila anasema hataki kugombana na baba yake. Na yeye mwenyewe kaniambia mbwa nyumbani hataki kabisa, paka labda, lakini shangazi yake kamwambia manyoya ya paka yakiingia mwilini mwanamke hazai.

La mwisho, kituoni kuna mbwa mzee anaitwa Bosi, jicho moja, meno mengi yameshang'oka, alikutwa stendi ya Kange amegongwa. Kila anayekuja anampita. Mie nilikuwa na nia nikioa nikipata nyumba nimchukue amalizie uzee wake kwangu.

Naomba unisaidie Shangazi. Niache kazi? Kweli mie najisi? Na Bosi je?

Kijana wa Makorora

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kahawa yangu barazani na nikairudia, maana umeandika mambo mengi na mbwa wote umewaeleza vizuri mpaka meno ya Bosi, ila kuna mtu mmoja umempitia mbio mbio kwa sentensi moja, naye ndo nataka kuanza naye. Mshenga.

Mshenga kasema kijana yuko kwenye mambo ya mifugo. Nani alimwambia aseme hivyo? Mie sijazaliwa jana, mshenga hasemi kitu ambacho hakutumwa. Mlikaa mkaona neno mbwa likitajwa sebuleni kwa wazee litaleta kizaazaa mkalifunika, na baba wa watu akapokea posa akiwa na picha ya mtu mwingine kabisa kichwani, mtu wa ng'ombe, mtu wa maziwa, mtu mwenye hela ya kila asubuhi. Halafu ukweli kauona kwenye simu, tena kwenye grupu ambalo pengine na wazee wenzie wa msikitini wamo, wanacheka. Jiweke wewe. Una binti, unasikia mambo ya mkweo kutoka kwa watu wa baraza la kahawa. Sisemi baba mkwe yuko sahihi kwa kila kitu, ila usidhani hasira yake yote ni ya mbwa, nusu yake na pengine zaidi ya nusu ni kwamba mmemfanya mtoto. Na hiyo nusu haitibiwi kwa kuacha kazi. Ukienda kukaa duka la nafaka leo atabaki na wasiwasi uleule kwamba huyu kijana kuna kingine kaficha.

Kwa hiyo la kwanza unatafuta mtu mzima wa kwenu, baba mdogo, mjomba, yeyote mwenye uso, mnakwenda pamoja na wewe unakuwepo, unaomba radhi kwa lile la mshenga peke yake. Usichanganye na kutetea mbwa siku hiyo. Ukianza kuomba radhi huku unahubiri, radhi inapotea. Na huyo mshenga mpumzisheni, safari ijayo aende mwingine.

Sasa najisi. Mie si sheikhe na sitaki kesho maustadhi waniandikie, kwa hiyo nakwambia ninachokijua kama mtu aliyekaa madrasa na baadaye ukamwulize mwenye elimu. Pwani hii sisi wengi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, kilichoguswa kinaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo halina ubishi na baba mkwe halitoi hewani. Ila kuna mambo mawili anayaruka. Moja, najisi ni kitu kinachooshwa, kikioshwa kimeondoka, haigeuki ikawa sifa ya mtu. Daktari wa wodini anashika damu, mama anashika kinyesi cha mtoto kutwa, wote wanaoga wanasali. Pili, hata hao mbwa wenyewe dini haikukataza kuwa nao kwa kulinda, kwa kuwinda na kwa kuchunga, na madhehebu ya Maliki hawamuoni mbwa kuwa najisi kabisa, kwa hiyo wanavyuoni wenyewe wamehitilafiana, si jambo la kumtolea mtu ukali mpaka kumwuliza sala zake. Na kila mtoto wa chuoni anaijua ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa anaramba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Na ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa tunaijua alikoishia.

Ila weye nawe saidia. Nguo za kazi zibaki kituoni, zifuliwe huko huko, oga kabla hujatoka, viatu vya mabandani visifike kwenu. Hata bila dini hiyo ndo taratibu ya kazi, maana unaweza kubeba ugonjwa wa matumbo wa vitoto vya mbwa, ile parvo, ukaupeleka kwa mbwa wa jirani kwa viatu tu, na ukurutu nao unahama. Na kulambwa uso acha. Nasema kwa afya yako, mbwa wa mtaani usiyejua kachanjwa lini anakulamba mdomo na macho, wewe mtu wa kazi hiyo ulitakiwa kuwa wa kwanza kujua. Kwani wewe mwenyewe ushachanjwa? Wanaoshika mbwa kila siku wanatakiwa kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hawajaumwa, hiyo ipo, mwambie huyo mama mwenye kituo ni jukumu lake na si hisani.

Na hapa ndo nikuambie kitu cha kumweleza baba mkwe siku ya pili, ile siku ya mazungumzo, si siku ya radhi. Usimwambie unapenda wanyama. Mzee wa Ngamiani ukimwambia napenda mbwa umeharibu. Mwambie unafanya kazi ya kuzuia watoto wasife.

Maana ndivyo ilivyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu, kuogopa maji, kutoka mapovu, kuweweseka, basi, karibu hakuna anayepona, hospitali yoyote duniani haina dawa ya hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwanini watoto, kwa sababu ndo wanaocheza nje, ndo wanaorusha mawe, na akiumwa anaficha asichapwe. Na karibu wote wanaokufa wameambukizwa na mbwa, si popo wala fisi. Sasa dawa yake ni nini, wenzetu wameshahesabu, ukichanja mbwa asilimia 70 wa eneo na ukarudia kila mwaka ugonjwa unakosa pa kupita. Mbwa na paka wanaanza kuchanjwa wakiwa na miezi mitatu.

Na usimpe mfano wa Ulaya, mpe wa hapo ng'ambo. Pemba, unavuka bahari tu kutoka kwetu. Walichanja mbwa wakaumaliza mwaka 2014, ukarudi 2016, wakarudi kuchanja tena mpaka 2018 ukaisha. Pemba, Waislamu watupu, watu wa dini kutushinda sisi, na kuna watu walishika mbwa mmoja mmoja kwa mikono yao ili mbwa hao wachomwe sindano. Mwulize mzee hao nao wasiozwe?

Zamani sisi tukikua mbwa koko walikuwa wanapigwa risasi mitaani, unasikia mlio tunaingia ndani, baada ya muda mfupi mtaa umejaa tena mbwa wengine wametoka mtaa wa pili, tena hao wapya hawana chanjo hata mmoja, unakuwa umeua waliochanjwa ukakaribisha wasiochanjwa. Kwa hiyo kinachofanywa na vituo kama chenu, kuchanja, kuhasi, kumtibu, kumtafutia mwenyewe atakayemrudisha kwenye chanjo kila mwaka, hiyo ni kazi ya afya ya mji mzima. Na sheria ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kwa hiyo hamfanyi jambo la kihuni.

Wasomaji wengine nao wasikie, kwa kuwa tumelifikia. Mtoto akiumwa na mbwa au paka jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, angalia saa maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, halafu hospitali siku hiyo hiyo, Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, ataanzishiwa chanjo na atazimaliza zote hata kidonda kikipona. Sio kupaka pilipili, sio mafuta ya taa, sio kusubiri tuone mbwa mwenyewe atafanyaje.

Na nyie mnaokasirika mkipewa fomu. Acheni hizo. Mnyama aliyetoka kituoni ameshatibiwa, kachanjwa, kapewa dawa ya minyoo, kahasiwa, kuna mtu kakesha naye kama huyu kijana, halafu mnataka mpewe tu kwa mkia mkaondoke naye kwenye boda. Wanauliza kama una uzio kwa sababu mbwa akizurura anagongwa au anauma. Wanauliza wa mwanzo alifia wapi kwa sababu mtu ambaye mbwa wake watatu wamekufa kwa mwaka mmoja, wa nne naye atakufa. Na anayetaka mbwa mkali mie namwambia mbwa anakuwa mlinzi kwa kushibishwa na kuizoea nyumba, huyo mnayemfunga mnyororo wa mita moja mchana kutwa juani bila maji anakuwa mwendawazimu tu, na mwizi anamrushia nyama anapita. Kuhasi pia msikimbie, paka jike anaweza kushika mimba hajafika hata miezi sita, mimba yake miezi miwili na kidogo, hajamaliza kunyonyesha kashapandwa tena, ndo maana mnavifunga kwenye viroba mnakwenda kuvitupa soko la samaki usiku mkijua kuna vichwa vya samaki vitajilea. Havijilei. Vinagongwa, au vinaletwa kwa kina huyu.

Haya turudi kwako. Swali la kuacha kazi.

Usiache kwa sababu ya aibu. Lakini baba mkwe ana swali moja ambalo hajaliuliza kwa mdomo na mie ningekuwa yeye ningeuliza kabla ya mambo ya udhu, hii kazi inalisha mke? Wewe katika barua nzima mshahara hujautaja. Mkataba hujautaja. Ulianza kibarua ukabaki, nahisi bado unalipwa mkononi kwa siku au kwa mwezi kadiri mama alivyojaliwa na wafadhili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, mshahara, saa za kazi, likizo, na unatakiwa uchangiwe NSSF. Wenye vituo vya wanyama wengi ni watu wa huruma sana, na huruma hiyo ina tabia ya kuishia kwa mbwa, mfanyakazi anasahaulika. Kaa naye chini mwombe kwa adabu. Akikuzungusha basi hapo ndo sababu ya kuacha ipo, na ni ya mkataba, ya mbwa haimo.

Na kitu kingine ambacho nashangaa hakuna aliyekwambia. Wewe uko Tanga. Buhuri iko hapo. Chuo cha mifugo cha LITA, ule wakala wa mafunzo ya mifugo, watu wanatoka Mtwara na Kigoma kuja kusoma pale afya ya wanyama, astashahada mpaka stashahada, wewe unakipita na daladala. Kama una kidato cha nne na baiolojia na kemia hukuchezea nenda kaulize vigezo na ada, mwulize na daktari wenu akuelekeze. Mtu aliyeshika wanyama kama wewe, anayejua kukesha na mnyama aliyetoka usingizini, atawaacha wenzie mbali kwenye vitendo. Ukitoka pale unaweza kuajiriwa halmashauri ukawa afisa mifugo msaidizi, unaweza kufungua duka la dawa za mifugo kwa taratibu zake, unaweza kuzunguka na hao ng'ombe wa maziwa baba mkwe anaowataka, na jioni ukaenda kituoni kwako. Hapo neno mifugo la mshenga litakuwa la kweli. Lile duka la nafaka mie silipendi. Utakuwa mfanyakazi wa shemeji, unakula kwa shemeji, mkigombana na mkeo mshahara umekatwa. Hapana.

Na kuna mtu atakushauri, najua tu kuna mtu atakushauri, kwamba duka la nafaka lazima lina panya kwa hiyo mpelekee mzee paka mzuri wa kituoni umlainishe. Usithubutu! Mnyama hapewi mtu kama zawadi ya kushtukiza, wewe mwenyewe unajaza watu fomu unajua kwanini. Zawadi ya namna hiyo mwezi wa pili iko mtaroni. Kama mzee anataka paka wa dukani atakuja mwenyewe, achague mwenyewe, ajibu maswali, tena usimpunguzie hata moja. Ila kumkaribisha aje aone ni jambo jema. Aje siku ya kawaida, mmekosha, harufu ya dawa, daktari yupo, aone kuna daftari la chanjo na banda la wagonjwa. Watu wengi wa mjini wakisikia nyumba ya mbwa wanafikiria jalala.

Sasa mchumba. Hili la manyoya ya paka kuzuia kizazi si kweli, mwambie shangazi yake namsalimia. Kuna watu wana aleji, wengine pumu inawaamka wakikaa na paka, hao wasifuge. Jambo la kweli linalogusa mimba na paka ni kuna kidudu kinaitwa toksoplazma, kinatoka kwenye kinyesi cha paka, na pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, mama mjamzito akikipata mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto. Kinga yake rahisi. Kinyesi kizolewe kila siku, maana kikiwa kibichi bado hakijaanza kuambukiza, kinataka siku moja au zaidi, na anayezoa ni wewe, mkeo akiwa na mimba asiguse kabisa. Nyama iive, mikono ioshwe. Basi.

Na kama mtafuga paka kuna jambo moja uliweke kwenye ukuta wa jikoni, vidonge vya maumivu vya watu, hata paracetamol, paka hapewi. Kimoja tu kinamuua. Na dawa za viroboto na kupe za mbwa asipakwe, nyingi zinamuua vilevile. Watu wanaua paka wao kwa huruma.

Lakini mchumba kasema mbwa hataki, na mie hapo niko upande wake. Nyumba ni ya wawili. Huwezi kumleta mwanamke kwenye nyumba ambayo itabidi kila mara aoshe sakafu mara saba kabla ya kutandika mswala, kwa kitu alichokwambia mapema na kwa mdomo wake kwamba hakitaki. Ungekuwa wewe ndo mwombaji na mimi ndo nashika fomu, swali la je wote nyumbani wamekubali ungejibu nini? Fomu yako ningeikataa.

Kwa hiyo Bosi usimchukue. Nimejua utaumia hapo. Ila fikiria, Bosi mzee, jicho moja, ameshazoea njia za kituo chenu kwa kunusa, wewe ndo unampikia, unamuona kila siku iliyojaaliwa, akihamia chumba cha kupanga Makorora atafungwa kwenye ukuta na kelele za bajaji akikusubiri utoke kwa mbwa wengine. Wewe si tayari ni wake? Mlainishie chakula maana meno hana, dagaa zisagwe, ulalo wake uwe mbali na sakafu ya baridi mifupa isimuume, na mwombe mama mwenye kituo amtoe kwenye orodha ya wanaotafutiwa nyumba awe wa hapo, vituo vingi vina wazee wa namna hiyo. Tena mkifanya hivyo wageni wataacha kumpita wakimhurumia bure.

Nenda kwa radhi kwanza, wiki hii, usisubiri Ramadhani ikukute. Mwambie mzee kazi huachi ila unakwenda kusoma, mwonyeshe fomu ya Buhuri na mkataba ukishaupata, na muombe akupe muda. Akikataa hata baada ya hapo basi mwulize binti mwenyewe anasemaje, kwa uwazi, mbele ya mtu mzima, si kwa meseji. Na kishika uchumba msiende kukidai.

Shangazi